Jumatatu ya Yoel Brodkin

Magazeti yameandika kwamba Yoel Brodkin alizaliwa kiongozi. Mimi niliyekuwa nikisubiri zamu ya bafu nyuma yake kila asubuhi nasema alizaliwa Nakuru, na alikuwa na tabia ya kumaliza maji ya moto. Uongozi ulimjia baadaye, Birmingham, tena ulimjia kwa kosa la kuhesabu siku. Naeleza kwa sababu nilikuwapo, na wengine waliokuwapo wanaeleza wanavyotaka wenyewe.

Nilifika Uingereza mwaka wa 1968 kusomea uuguzi. Bweni la wauguzi lilinishinda kwa kelele, nikaanza kutafuta chumba. Siku hizo matangazo ya vyumba kwenye madirisha ya maduka yalikuwa yanasema bila haya nani hatakiwi, na mara nyingi asiyetakiwa nilikuwa mimi. Kwa hiyo nilipobisha mlango mmoja huko Hodge Hill, pembeni mwa Birmingham, kwenye mtaa wa nyumba zilizogandana mbili mbili, nilikuwa nimeshajiandaa kugeuka. Akafungua mama wa Kizungu, mfupi, kajifunga aproni. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe natoka wapi?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

Nusura niangushe mkoba. "Kisii," nikasema.

"Kisii! Ndizi mzuri sana huko. Kuja ndani, baridi naingia."

Huyo ndiye Bi Rivka Brodkin, mama yake Yoel. Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi, kisichojua ngeli na kinachokanusha kila kitu kwa "hapana", lakini hakuwa na lugha nyingine ya kuzungumza kwa raha. Kiingereza alikiogopa. Lugha ya kwao ilikuwa Kiyidi, ambacho ndicho Wayahudi wa pande zile za Lithuania walikuwa wakizungumza majumbani, na wote aliowahi kukizungumza nao, wazazi, dada, kaka, majirani, waliuawa wakati wa vita na watu wa Hitla. Yeye alinusurika kwa kuwa alishaolewa na kuondoka. Mumewe, mzee Brodkin, alikuwa na duka Nakuru la mbegu na zana za shamba, na alimleta kutoka mji wa Kaunas, huko huko Lithuania, akiwa msichana. Vita ilipokwisha aliandikia kila jina alilolikumbuka, na hakuna aliyejibu.

Yoel ndiye mtoto wake wa pekee. Mama na mwana walijifunza Kiswahili pamoja jikoni Nakuru, mmoja bibi harusi mgeni na mwingine angali anatambaa, wakifundishwa na yaya na mpishi. Wakaendelea nacho. Hata Birmingham, wakitaka kugombana bila majirani kuelewa, walikuwa wakigombana kwa Kiswahili, na mimi chumbani kwangu juu nasikia kila neno. Mzee Brodkin alikuwa amekufa na kuzikwa Nakuru, duka likauzwa, na wao wakaja huku kwa sababu binamu wa marehemu alikuwa na karakana Hockley ya kutengeneza visanduku vya kuwekea pete na mikufu. Yoel alikuwa akizunguka na sampuli akitafuta wanunuzi.

Wiki ile ya kwanza Bi Rivka alinieleza anachotaka duniani, akimenya viazi. Kilikuwa kimoja.

"Yoeli kaa hapa," alisema. "Oa, hapana oa, uza sanduku, hapana uza. Kaa hapa tu, na mimi."

Lilionekana ombi dogo. Yoel alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye sauti nene na shati lisilokaa ndani ya suruali, na hakuonekana mtu wa kwenda popote. Lakini mwaka mmoja kabla sijafika, Israeli ilikuwa imepigana vita ya Juni na kushinda, na vijana wengi wa Kiyahudi wa Birmingham, ambao kabla ya hapo walikuwa wanafuatilia mpira tu, walijiunga na chama cha Sayuni. Yoel naye akajiunga. Mimi neno Sayuni nilikuwa nalijua kutoka kanisani, na kanisani Sayuni ni mahali unapokwenda ukifa. Nilipoambiwa Yoel anaenda kwenye mkutano wa Sayuni kila Jumatano, nilimpa pole mama yake.

Bi Rivka alicheka mpaka akaweka kisu chini. Halafu akaacha kucheka. "Ni namna hiyo hiyo," akasema. "Yeye nakwenda, hapana rudi."

Yoel ndiye aliyenieleza vizuri, tukiwa ngazini, mimi na taulo langu begani. Sayuni ni kilima cha Yerusalemu, Sista, alisema (aliniita Sista tangu siku ya kwanza, nami nikakubali ingawa sikuwa nimehitimu). Watu wa chama wanashikilia kwamba Wayahudi wawe na nchi yao wenyewe, waijenge, wairudie, wasiwe wapangaji wa watu tena. Alisema neno wapangaji kisha akakumbuka anazungumza na nani, akaniomba radhi. Nikamwambia asijali, aache maji ya moto tu.

Hao wenzake wa chama hawakumjali. Halmashauri ilikuwa ya madaktari, mawakili na wenye maduka ya samani, waliozaliwa hapo hapo Birmingham, na mwenyekiti wao alikuwa daktari wa meno. Kwao Yoel alikuwa kioja kutoka Afrika. Walimuuliza kama simba walikuwa wakiingia dukani. Walimpa kazi ya kupanga viti. Yeye, kwa kutafuta heshima, akawaambia kwamba anajua Kiebrania, lugha ya Israeli, lugha ambayo hata wao waliisoma sinagogi bila kuielewa vizuri. Kusema kweli alichokuwa nacho ni kitabu cha kujifunzia na kiburi. Marehemu baba yake hakuwa mtu wa sala, na huko Nakuru hakukuwa na mwalimu.

Aliyekijua Kiebrania ni Bi Rivka. Alisoma shule ya Kiebrania Kaunas, utoto wake wote, hisabati na jiografia na nyimbo kwa Kiebrania. Msichana yule aliota kwenda Palestina kulima, ila baba yake akampa mwenye duka wa Afrika. Hayo alinisimulia siku moja tukikunja mashuka, na nilipomuuliza kwa nini hamfundishi mwanawe anayehangaika na kitabu, alinitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga wa nyumba.

"Mimi nafundisha yeye, yeye nakwenda," alisema. "Mimi naambia yeye mimi nasahau yote."

Masika ya mwaka wa 1970 ikaja habari kwamba mtu mkubwa kutoka Yerusalemu, mwanajeshi mstaafu aliyeingia siasa, anazunguka Uingereza na atahutubia Birmingham. Nani apange na watu wake? Mwenyekiti akasema, kwa dhihaka nadhani, apange yule anayejua Kiebrania. Yoel alirudi nyumbani siku hiyo amechomekea shati.

Simu ilikuwa ukumbini, chini ya ngazi. Mimi na Bi Rivka tulikuwa jikoni ilipolia, mlango wazi. Aliyepiga alikuwa katibu wa yule mkubwa, yuko hotelini London, na nasikia alianza kwa Kiingereza. Yoel akamkatiza kwa Kiebrania, kwa sauti ya juu, ili sisi wa jikoni tusikie. Sikuelewa kitu ila kwamba alikuwa anarudia rudia maneno mawili: yom shlishi, yom shlishi. Akakata simu, akaruka jikoni.

"Sista, lete kalamu! Wiki ijayo, siku ya tatu. Jumatatu!"

Akaandika Jumatatu kwenye kipande cha gazeti, akatoka mbio kwenda kwa mwenyekiti, na koti kaliacha.

Bi Rivka alikuwa ameshika mwiko, na mwiko ulikuwa umesimama.

"Jumanne," akasema.

"Nini Jumanne, Mama?"

"Yom shlishi. Ni Jumanne."

Akanieleza, na nilipoelewa nilitaka kucheka. Sisi siku zetu tunazihesabu kuanzia Ijumaa ya Waislamu: Ijumaa ikipita ndipo mosi, pili, tatu, na kwa hiyo tatu yetu inaangukia pale Waingereza wanapoanza wiki ya kazi. Wayahudi wanahesabu kuanzia Sabato yao, ambayo ni Jumamosi. Siku yao ya kwanza ni Jumapili yetu, ya pili ni Jumatatu yetu, na ya tatu ni Jumanne. Mzungu yeyote wa halmashauri ile, kama angekuwa anajua Kiebrania kidogo, angekosea vingine au asingekosea kabisa. Kosa hili alikuwa na uwezo wa kulifanya mtu mmoja tu Birmingham nzima, Myahudi aliyelelewa na yaya wa Nakuru, ambaye akisikia "tatu" kichwa kinamwambia Jumatatu.

"Basi tumwite kabla hajafika mbali," nikasema. "Ama umpigie simu huyo chairman."

Bi Rivka akaanza tena kukoroga.

"Hapana," akasema.

"Mama, si umwambie tu? Watu watakuja wakose speaker. Watamcheka vibaya sana."

"Ndiyo. Tacheka." Akazima jiko. "Tacheka, tafukuza yeye. Yeye tarudi hapa, takula, talala, kesho tauza sanduku. Kerubo, wewe mtoto mzuri. Hii si ya wewe."

Hapo alisema kweli. Halikuwa langu. Nilikuwa mpangaji, Mkisii na Mwadventista, na nilikuwa na mitihani. Lakini namkumbuka alivyosema, bila hasira na bila haya, mtu aliyekwisha kupoteza kila mtu wake mara moja na hataki kupoteza huyu aliyebaki. Nilimwona mbaya na nilimwonea huruma, vyote viwili kwa pamoja, na mpaka leo sijaamua kipi kizidi.

Mabango yakatoka. Wakakodi ukumbi Digbeth, karibu na kituo cha mabasi ya kwenda mbali, ukumbi mkubwa kuliko waliouzoea, kwa kuwa mgeni alikuwa mkubwa. Siku zote hizo Bi Rivka aliyatazama mabango yaliyorundikwa mezani kwake, neno Monday limeandikwa kwa wino mwekundu, akayapangusa vumbi.

Jumatatu hiyo alivaa koti lake la buluu. Kabla hatujatoka alipika supu ya kuku, akaifunika, akaiacha juu ya jiko. Nikamuuliza ya nini, nasi tunaondoka. Akasema Yoeli akirudi atakuwa na huzuni, atahitaji kula.

Ukumbi ulijaa. Walikuja wazee na wake zao, wanafunzi wa chuo kikuu, na mwandishi wa gazeti la mjini na kamera yake. Sisi tulikaa safu ya mbele, mahali pa jamaa. Upande wangu wa pili alikaa Ameir, Mzanzibari aliyekuwa akipiga msasa visanduku kwenye karakana ya Hockley. Ameir alikimbia Unguja baada ya mapinduzi ya sitini na nne, hakuwa na chama wala hamu ya chama, lakini Jumapili alikuwa akija Hodge Hill kwa Bi Rivka, kunywa chai na kusahihisha Kiswahili chake bila mafanikio. Yoel alimwomba amsaidie kubeba viti, naye baada ya kubeba akaona bora akae.

"Mgeni mwenyewe yuko wapi?" akaninong'oneza. "Mie nnaona kiti kitupu tu pale juu."

Wakati wa kuanza ukafika ukapita. Watu wakaanza kukohoa. Tukamwona mwenyekiti akitoka nyuma ya pazia na kurudi. Kisha Yoel akaonekana ubavuni mwa jukwaa, mkono wa simu ya ukutani sikioni, na niliona rangi ikimtoka usoni. Alikuwa amempata yule katibu London. Mwenyekiti alikuwa mbele yake akimwambia maneno, na ingawa hatukuyasikia, kidole tulikiona.

Bi Rivka alikaa wima, mikono juu ya mkoba. Alikuwa anangoja. Nilijua anangoja kumchukua mkono na kumpeleka nyumbani.

Yoel akampita mwenyekiti, akapanda jukwaani peke yake. Shati lilikuwa limeshatoka.

Alisema, kwa Kiingereza, kwamba mgeni atakuja kesho. Kwamba kosa ni lake. "Niliambiwa siku ya tatu kwa Kiebrania," alisema, "na mimi nikahesabu kwa Kiswahili." Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaenea mpaka mbele. Bi Rivka akafumba macho.

Yoel aliwaacha wacheke. Walipomaliza akasema, "Sasa nitawaambia kwa nini mtu mwenye jina kama langu anahesabu kwa Kiswahili."

Akawaambia. Aliwaeleza kwamba mwanzoni mwa karne serikali ya Uingereza iliwahi kuwaahidi Wayahudi kipande cha nyanda za juu za Kenya, kule Uasin Gishu, wakae huko badala ya Palestina, na wakuu wa chama wakagombana, wakakataa. Yeye alizaliwa mwendo wa siku moja kwa lori kutoka mahali hapo. Ninyi mnaulizana kitabuni ingekuwaje, alisema, mimi ndiye ingekuwaje yenyewe. Akawaambia kwamba kwa Kiswahili kuna swali ambalo mtu huulizwa kabla hajapewa hata maji: kwenu wapi? Hawakuulizi unakaa wapi wala umezaliwa wapi. Watoto wa wafanyakazi wa duka walikuwa wakimuuliza, na yeye akisema Nakuru, wanasema hapana, hapa ni kwetu, kwenu wapi? Akienda kumuuliza mama yake, mama anataja mji ambako ndugu zake wote wameuawa, na anasema huko si kwetu tena. Akimuuliza baba, baba anaonyesha duka. Alisema ameuliza mpaka amekuwa mtu mzima, na nchi moja tu ndiyo iliyomjibu.

Alitumia neno lenyewe, kwetu, akiliacha Kiswahili, akilirudia, mpaka wale wazee wa Birmingham wakawa wanalitamka midomoni. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa analia. Na mimi, niseme ukweli, nilimfikiria mama yangu kule Kisii, nikachukia kwamba mtu anayemaliza maji ya moto ameweza kunifanyia hivyo.

Alipokaribisha maswali aliyesimama kwanza ni Ameir. Aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti yake ile ya taratibu. "Yoeli, na yule utakayemkuta mwahali humo, keshazaliwa humo na babu yake kazikwa humo, na yeye utamuuliza kwao wapi?"

Ukumbi uligeuka kumtazama. Yoel angeweza kutafsiri vyovyote apendavyo, maana waliojua tulikuwa wanne. Hilo nampa: alilitafsiri lote, sawasawa. Kisha akajibu kwa maneno mengi mazuri, kwamba nchi ina nafasi, kwamba majirani watapatana, na watu wakapiga makofi. Ameir akaketi.

"Kajibu vizuri," akaniambia. "Sijui kama kajibu."

Makofi ya mwisho yaliwasimamisha watu wote. Mwandishi wa gazeti alipiga picha. Mwenyekiti, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amenyoosha kidole, sasa alikuwa amemshika Yoel bega mbele ya kamera. Mimi nilikuwa namtazama Bi Rivka. Alikuwa bado amekaa, peke yake katika ukumbi mzima, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtuka kuona mlango alioufunga mwenyewe uko wazi. Walipomzunguka kumpongeza aliwapa mkono mmoja mmoja, akisema thank you, thank you.

Supu hatukuila. Yoel alichukuliwa na halmashauri kwenda kusherehekea.

Kesho yake mgeni alikuja. Alihutubia watu wachache waliochoka, na alichotaka kujua zaidi ni nani huyo kijana aliyeujaza ukumbi wake siku moja kabla. Wakala pamoja. Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Yoel akawa katibu wa chama Birmingham, kisha mwenyekiti, daktari wa meno akabaki kuwa daktari wa meno. Akawa anaitwa Leeds, Manchester, London. Kila mahali alikuwa akianza na kosa la siku, watu wanacheka, kisha anawapeleka Nakuru, kisha anawaliza. Kiebrania alijifunza kweli, kwa mwalimu. Visanduku aliviacha kwa binamu. Nyumbani alikuwa anapita kubadilisha mashati, na Bi Rivka alikuwa anayapiga pasi yote, kila shati, hata yasiyohitaji, kwa sababu akipiga pasi Yoel hukaa jikoni kusubiri.

Baada ya vita ya Oktoba 1973 wakamwita Yerusalemu kabisa. Chama cha yule mwanajeshi mstaafu kilitaka vijana wanaojua kusema na watu. Yoel akamwomba mama yake waende wote. Alimwomba kwa wiki nzima, kwa heshima, na nilimsikia akitumia hata lile neno lake.

"Hapana sema kwetu kwa mimi," Bi Rivka alimjibu. "Baba yako nasema kwetu, mimi nafuata Nakuru. Wewe nasema Birmingham, mimi nafuata. Sasa mimi nachoka. Mimi nabaki na Kerubo."

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa Februari, na mvua yenye barafu ndani yake. Ameir alikuja na gari la karakana ampeleke Digbeth kupanda basi la uwanja wa ndege. Masanduku yalikuwa mlangoni. Tulikuwa jikoni wote wanne, tumesimama kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa, ndipo Bi Rivka akaanza kusema.

"Yoeli. Ile Jumatatu. Mimi najua."

"Unajua nini, Mama?"

"Wewe kwa simu nasema yom shlishi. Mimi hapa, nasikia. Mimi najua ni Jumanne. Mimi nasoma Kiebrania miaka mingi, hapana sahau hata neno moja. Mimi nanyamaza."

Yoel alimtazama. Ameir akashusha kikombe chake.

"Mimi nataka watu cheka wewe," akaendelea. "Mimi nataka wewe anguka, wewe rudi nyumbani, wewe kaa. Mimi mama mbaya. Sasa wewe najua. Kama wewe nakasirika, kasirika hapa, mbele yangu."

Nadhani alikuwa anaitaka ile hasira. Ugomvi ungemchelewesha, na hata kama angeondoka, angeondoka na kitu cha kurudi kukimalizia. Lakini Yoel alifungua mikono. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Mama! Kumbe ni wewe!" Akamwinua kabisa miguu ikaacha sakafu. "Ulijua nitaweza! Ulininyamazia ili nisimame mwenyewe!"

"Hapana. Mimi hapana jua. Mimi nataka wewe anguka."

"Ndiyo, ndiyo," alisema, akimbusu kipaji cha uso. "Sawa, Mama. Sawa."

"Yoeli, sikia mimi."

"Nimesikia."

Akamwachia. Ameir alikuwa ameshabeba masanduku. Gari liliondoka na Bi Rivka alibaki kizingitini mpaka nikamwondoa, maana alikuwa na kandambili miguuni na mvua ilikuwa inaingia.

Mimi nikahitimu, nikapata kazi wodi ya akina mama, na sikuhama. Watu waliniuliza kwa nini sichukui nyumba yangu. Niliwajibu kwamba kuna mtu pale. Yoel alipiga simu sikukuu kwa sikukuu, alituma machungwa, alituma picha akiwa na mke, kisha na mtoto. Mwaka wa 1977 akaingia bungeni kule.

Jumapili moja baada ya uchaguzi ule wakaja akina mama wa chama, watatu, na keki na maua na gazeti la Kiyahudi kutoka London. Tulikuwa tunakunywa chai na Ameir. Wakamketisha Bi Rivka kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, na mmoja wao, mwenye miwani ya dhahabu, akasoma kwa sauti. Gazeti lilikuwa limemhoji mbunge mpya juu ya maisha yake ya mwanzo. Aliulizwa nani aliyemtia moyo kuliko wote, akajibu kwamba ni mama yake. Mama yangu, alisema, alipoteza jamaa zake wote Kaunas, na mimi tu ndiye niliyebaki kwake. Alijua nimekosea siku. Alikuwa na uwezo wa kunisahihisha kwa neno moja, na hakulisema, kwa sababu alijua kwamba mgeni asipokuja nitalazimika kusema mimi. Alikaa safu ya mbele, ametulia. Mwanamke huyo alimtoa mtoto wake wa pekee kwa ajili ya taifa lake, na wala hakutaka ashukuriwe.

Yule mama mwenye miwani alishindwa kumalizia kwa kilio. Akakunja gazeti akamwekea Bi Rivka mapajani, akamshika mkono, akamuuliza kama kweli ilikuwa hivyo.

Bi Rivka alilitazama gazeti. Alinitazama mimi, akamtazama Ameir, sisi wawili tuliokuwapo jikoni asubuhi ile ya kuondoka.

"He says," akajibu kwa Kiingereza chake. "He is clever boy."

Wakambusu, wakaenda. Ameir aliwasindikiza mpaka getini. Nilianza kukusanya vikombe, na Bi Rivka akabaki kitini na maua yao.

"Kerubo," akasema. "Mimi nafanya ubaya moja tu kwa mtoto yangu. Moja tu. Na hiyo pia yeye nachukua, nakwenda nayo."